Barua ya Dhamiri ya Valentino

Saa mbili asubuhi Valentino alizima greda, akashuka, akamkabidhi msimamizi ufunguo. Alisema hatachonga kipande kile cha barabara pale Kwihara, kwa kuwa mwanawe amezikwa humo.

Kamati ya barabara ilikaa siku hiyohiyo chini ya turubai la mkandarasi. Mwenyekiti, Mama Kuluthumu, alifungua orodha ya makaburi ya kuhamishwa.

"Jina la marehemu?"

"Hakupata jina, mama. Alizaliwa hapumui."

"Kaburi liko wapi hasa?"

"Sijui. Walizika akina mama, baba haonyeshwi. Mke wangu Getruda alikuwa bado kitandani. Na bibi aliyeshika jembe alifariki mwaka jana."

Jioni alipewa barua yenye mhuri. Ilisema ofisi inaheshimu dhamiri yake, hatalazimishwa, wala mshahara wake hautakatwa. Kazi itafanywa na dereva mwenzake, Shigela.

"Kwa hiyo mmenikubalia," Valentino alisema.

"Tumekukubalia wewe, baba," Mama Kuluthumu alijibu. "Barabara ni jambo jingine."

Kesho yake, Shigela alipowasha greda, wapagazi wa misafara ya zamani walianza kutoka ardhini. Ni wale waliochoka njiani wakafukiwa hapohapo. Walijikung'uta udongo, wakaviringa ngata, wakajitwika mizigo yao ya nguo na shanga na kupanga mstari kuelekea Ujiji. Shigela alisubiri wapite. Mama Kuluthumu aliwahesabu hadi arobaini, akaacha, maana hawakuwemo kwenye orodha.

"Shikamooni," Getruda, aliyekuja na mumewe, aliwaamkia.

"Marahaba, mama. Poleni na kazi."

Wa mwisho hakuwa na mzigo. Mgongoni alimbeba mtoto mchanga kwa kipande cha kanga ya njano, na Getruda aliitambua kanga yake. Valentino alimwona mwanawe usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na masikio ya upande wa kina Getruda.

"Mwache hapa," Getruda alisema.

"Nimwache wapi, mama? Hapa pote panachongwa."

Getruda alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akalikaza fundo la kanga, mtoto asije akaanguka njiani.

"Anaitwa nani?" mpagazi aliuliza. "Safari ni ndefu. Akilia nimbembeleze kwa jina gani?"

"Yustina," Valentino alisema.

Mama Kuluthumu alifungua kalamu, akaitazama orodha, akaifunga kalamu tena.

"Orodha ilifungwa jana, baba. Pole sana."

Kufikia saa kumi jioni, barabara ilikuwa imenyooka. Valentino alikaa kwenye tuta, barua ameikunja mfukoni. Getruda alisimama akitazama magharibi, vidole vyake bado vikikaza fundo lisilokuwepo.