Goti la Recheli Juu ya Boriti

Pale chuoni, chuo cha ualimu kilichopo Tabora mjini, Recheli Masolwa alikuwa na jina jingine ambalo hakupewa na wazazi wake. Wenzake waliliimba mabwenini, wakaliandika hata kwenye ndoo yake ya kuogea: Papai. Maana papai likiiva hulisukumi, linaanguka lenyewe, na Recheli hakuwahi kupanda boriti ya jimnastiki mashindanoni akashuka kwa hiari yake.

Tusimwonee. Binti alikuwa hodari. Sakafuni alipiga sarakasi mpaka wapishi wakasahau ugali ukaungua. Na ile boriti ya mbao, nyembamba kama kiganja cha mkono, iliyoinuliwa kimo cha kifua, aliimudu vizuri tu akiwa peke yake. Kasoro yake ilikuwa moja: adabu. Alilelewa Lusu, kule Nzega, na bibi yake mzaa baba, Bibi Kabula, ambaye hakuwa na mchezo na mtoto asiyeamkia. Mkubwa akitokea, goti chini. Huulizi ni nani, huulizi uko wapi. Goti la Recheli lilishazoea kwenda lenyewe kabla kichwa hakijapata taarifa.

Mwaka wa kwanza, kwenye mashindano ya vyuo, mchungaji wa Moraviani alipita dirishani. Goti likakunjika, Papai chini. Mwaka wa pili, huko Igunga, mzee mmoja mfugaji alichungulia mlangoni kuulizia ndama wake aliyepotea. Papai chini tena, na safari hiyo alimwangukia mpiga picha. Mzee wa watu akaitika marahaba, akaendelea kutafuta ndama.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Baada ya hapo ni mitihani, kisha kwenda kufundisha popote atakapopangiwa, na shule gani ya msingi ina boriti? Recheli hakutaka medali. Alitaka mara moja tu maishani mwake amalize bila kuanguka, na waamuzi waandike hivyo, ili lile jina life kabla hajaanza kuitwa mwalimu. Lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Siku nyingine aliazima ndoo ya jirani ili asilisome.

Mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Wilbroad, akabuni dawa.

"Tunawamaliza mapema," alisema. "Wakubwa wote watakaokuwemo ukumbini, waamkie kabla ya zamu yako. Ukipanda juu, hudaiwi salamu na mtu."

Basi asubuhi ya mashindano, ambayo safari hii yalikuwa pale pale Tabora, Recheli alizunguka ukumbi mzima, amejifunga khanga juu ya vazi lake la kubana, akipiga magoti. Aliwaamkia waamuzi, madereva, mama wa maandazi na mlinzi wa geti. Alimwamkia fundi wa spika ambaye kumbe alikuwa mdogo kwake, naye akaitika bila aibu. Mpaka zamu yake inafika, magoti yalikuwa yamejaa vumbi na ukumbini hakubaki mtu wa kuamkiwa.

Alibaki mmoja, ila huyo alikuwa ndani ya basi lililoharibika njiani kutoka Nzega.

Recheli alikuwa katikati ya boriti, amesimama kwa mikono, nyayo zikitazama dari, Bibi Kabula alipoingia. Binti alimwona hivyo hivyo, kichwa chini miguu juu: kitenge cha Jumapili, kilemba, na jogoo kwapani, zawadi aliyomletea Mwalimu Wilbroad. Goti likashtuka. Recheli akalikaza. Leo hapana, alijiambia, na moyo ukamchoma kama mtu aliyeiba sadaka, maana tangu azaliwe hajawahi kumwona bibi yake akaacha kumwamkia.

Kumbe ugonjwa wa goti haukuwa wake peke yake. Tabora ni mji uliokua kwa kupokea wageni, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mgeni mzee akiingia mahali haachwi amesimama mlangoni kama mwizi. Mwamuzi mkuu, Mama Consolatha, mwenyeji wa Tura, aliinuka kitini, akamwendea bibi na kuinama. Waamuzi wenzake wakamfuata.

"Shikamoo bibi. Pole na safari. Karibu sana."

Mwalimu Wilbroad naye akakimbia kumpokea jogoo kwa mikono miwili, akamponyoka, na jogoo akaingia katikati ya watazamaji. Ukumbi wote ukageuka kumfukuza.

Na hapo, nyuma ya migongo yao, Recheli akafanya mambo ambayo hajawahi kuyafanya. Alizunguka kama gurudumu, akatua. Akajipindua kinyumenyume, miguu ikaikuta boriti pale pale ilipoiacha. Akaruka kushuka, akatua kwenye godoro miguu pamoja, mikono juu, wala hakuyumba. Akasubiri makofi. Aliyepiga kitu ni jogoo tu, naye alipiga mabawa.

Waamuzi waliporudi kukaa, wakatazamana.

"Ameshamaliza?" Mama Consolatha aliuliza. "Alianguka au hakuanguka?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu Wilbroad mwenyewe alikuwa chini ya benchi, amemshika jogoo mguu. Recheli alihisi machozi yanakuja. Jambo alilolitafuta miaka yote ya chuo lilikuwa limetokea, na halikuonwa na mtu.

"Bibi," Mama Consolatha akasema, "wewe ndiye pekee uliyekuwa umeelekea kule. Binti alianguka?"

Bibi Kabula akaweka kilemba chake sawa. "Binti yupi? Mimi humu nimeamkiwa na watu wote. Huyo mnayemsema hatujaonana."

Recheli akatoka mbio, akapiga magoti yote mawili mbele yake. "Shikamoo, bibi."

Bibi alimwacha hapo kidogo. "Marahaba, mke mwenzangu. Hujambo? Masomo yanakwendaje? Unakula lakini?"

Akauliza habari za mitihani. Akatoa za Lusu: ng'ombe aliyezaa, mpunga uliokosa mvua, shangazi aliyegombana na kwaya. Waamuzi wakangoja kalamu mkononi, maana nani angemkatisha. Hatimaye akawageukia.

"Hakuanguka. Andikeni."

Wakaandika. Alama walizompa zilikuwa za kukadiria, na hazikuwa nyingi, lakini Mama Consolatha alitangaza kwa spika kwamba Recheli Masolwa amemaliza boriti bila kuanguka. Wenzake wa bwenini wakapiga vigelegele kana kwamba amechukua kombe. Recheli alilia mbele za watu na hakujali.

Walipokuwa wakitoka nje alimshika bibi mkono. "Bibi, ulipenda kipi zaidi? Nilipozunguka, au nilipojipindua?"

"Mimi sikuona kitu," Bibi Kabula alisema. "Nilipokukuta miguu iko juu nilifumba macho. Hata salamu zao niliziitikia nimefumba."

Recheli akasimama. "Sasa ulijuaje kwamba sikuanguka?"

"Si mimi niliyekulea?" bibi akasema. "Ungeanguka, ningesikia."