Pole na Safari, Kila Asubuhi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa pili, saa nne asubuhi, binti wa fundi viatu aliporudi kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo yalikuwa mabaya vilevile, lakini mabaya ya kuzoeleka.

Fundi alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, ukutani nje ya lango la hospitali, anashona soli ya kiatu cha muuguzi, teksi iliposimama mbele yake. Binti akashuka na sanduku lake la magurudumu, bado lina kile kikaratasi cha uwanja wa ndege kwenye mpini. Fundi akaweka sindano chini, akasimama, akamkumbatia. Kiganja chake kikanata kwenye koti la binti kama kidole kinavyonata kwenye bonge la barafu. Akakibandua taratibu, ngozi isichunike.

"Mbona wa baridi hivi, mwanangu?"

"Ni ya huko, baba. Nimekuja nayo. Nilidhani itabaki uwanja wa ndege."

"Hawakukukagua?"

"Walikagua sanduku tu."

"Haya. Wanachotakiwa kukiona ndicho wasichokiona. Pole na safari, mama."

Alimwita mama tangu akiwa mchanga, na alizidisha kumwita hivyo baada ya mama mwenyewe kufariki.

Chuo cha uuguzi kilikuwa ndani ya uzio huohuo wa hospitali. Binti alikuwa mwaka wa mwisho. Walimpeleka ng'ambo muhula mmoja akaone wenzetu wanavyohudumia wagonjwa, na sasa amerudi kumalizia: masomo ya jioni, zamu za wodini, kisha mtihani wa mwezi wa sita. Akipasi avae sare nyeupe. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na fundi naye hakuwa na lingine la kutaka.

Alirudi bwenini kwenye kitanda chake cha zamani. Kulipokucha, mwenzake wa chumbani alihama na godoro lake, si kwa ugomvi, kwa mafua. Maji ya kwenye ndoo yalikuwa yameganda na ndoo imepasuka. Matroni alikuja na kitabu cha sheria za bweni, akakipitia kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona wamekataza pasi, jiko na wanaume, baridi hawakuitaja. Akadai ndoo nyingine akaenda zake.

Aliyeona faida ni mtunza stoo ya dawa. Watu walimwita Bwana Digrii, na wala hakuwa nayo hata moja. Ni kwa sababu ya kipimajoto alichokining'iniza shingoni kama kitambulisho. Alisikia habari ya ndoo, akapanda ngazi, akaweka kipimajoto kwenye mto wa binti. Kikasoma digrii nne, baridi ileile chanjo inayotaka. Akakifuta, akapima tena. Nne.

"Dada," akasema, "usiende popote."

Friji la stoo lilikufa zamani. Tangu life, chanjo na sindano zilikaa kwenye ndoo zilizofunikwa matambara ya maji, na mchana wa jua kali zilichemka humohumo. Fundi alilijua friji lile kuliko alivyojua majirani zake. Mkewe alijifungulia hapo mdogo wake binti, akavuja damu. Wakamchoma sindano ya kuzuia damu, wakarudia, wakarudia tena, na sindano ilikuwa imeshaungua kwa joto siku nyingi, ni sawa na kumchoma maji ya bomba. Mama akaondoka, mtoto akamfuata. Fundi alipouliza habari ya friji, Mkurugenzi wa hospitali alimjibu kwa upole kwamba liko kwenye mchakato. Tangu siku hiyo fundi akilisikia neno mchakato redioni huzima redio.

Jioni ileile trei za sindano zikaingizwa bwenini. Kesho yake akaja Mkurugenzi mwenyewe, kavaa suti ya sufu, na kwa mara ya kwanza suti ile ikawa na maana. Akazunguka kitanda, akatoa mvuke mdomoni, akafurahi.

"Tutamhamishia stoo," akasema. "Kwa muda tu, wakati tunashughulikia friji."

Wakampeleka na kitanda, meza na sanduku lake. Akakaa katikati ya rafu, chanjo kulia, damu kushoto. Fundi alikwenda kumtoa, kafura, mfukoni ana nyundo ya kazi.

"Baba, nenda kwanza kaulize wodi ya wazazi," binti akasema.

Akaenda. Akauliza. Sindano zilikuwa zinafanya kazi. Wanawake walikuwa wanatoka na watoto wao kwa mlango wa mbele, wanagombana na waume zao juu ya nani abebe beseni. Fundi aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye viatu vyake na nyundo ikabaki mfukoni.

Tatizo lilianza baridi ilipoanza kupungua. Wanachuo wenzake walikuwa wanapita dirishani kumpa umbeya wa darasani, nani kaachwa na nani, mwalimu gani kasinzia, na kila wakipita kipimajoto kilipanda kidogo. Alipotundika nguo zake msumarini kilipanda. Fundi alipoingia na blanketi la nyumbani kilifika nane, na Bwana Digrii akatoka mbio kama aliyeona moto.

Mkurugenzi akaunda kamati. Kamati ikakaa, ikala, ikaamua. Baridi ile, walisema, ni ya safari. Itadumu kadiri msafiri atakavyokuwa hajafika. Kwa hiyo asifike.

Basi kwenye daftari la mahudhurio wakaandika kwamba yuko ng'ambo. Nguo zikarudishwa sandukuni na sanduku likafungwa. Kikaratasi cha uwanja wa ndege kisibanduliwe. Blanketi lirudi kwa mwenyewe. Wenzake wasipite dirishani, na kwa kuwa yuko ng'ambo, jikoni hawakuwa na sahani yake. Fundi akawa anamletea chakula, lakini kiwe kimepoa.

Na kila asubuhi Bwana Digrii alifungua mlango wa stoo, akapanua mikono kama ndugu aliyekuja kupokea mgeni.

"Aaa, dada! Karibu, karibu! Pole na safari!"

"Asante."

"Umefika lini?"

"Ndiyo naingia."

"Za huko?"

"Za huko nzuri. Kuna baridi."

Kipimajoto kikishuka hadi nne, Bwana Digrii alikunja mikono yake, akachukua sindano za siku hiyo, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuelekezwa.

Binti alisoma kwa vikaratasi vilivyopitishwa chini ya mlango. Alisoma magonjwa ya moyo, alisoma vidonda, alisoma namna ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Fundi aliruhusiwa kusimama dirishani Jumapili, kwa masharti: asimpe habari za nyumbani, asimwite mama, asikae sana. Akawa anasimama pale kama mtu anayesubiri risiti.

"Hujambo?"

"Sijambo. Wewe?"

"Nipo."

Hadi Jumapili moja akashindwa. Binti alikuwa amejikunyata kitandani, kope zina chembe za barafu, na alifanana kabisa na marehemu mama yake. Fundi akashika nondo za dirisha.

"Nilishakwambia habari ya viatu vya harusi ya mama yako?"

"Baba, usinichekeshe. Wamekataza."

"Si kichekesho. Ni msiba. Mimi fundi viatu, mwenyewe nimetangaza mtaa mzima kwamba bibi harusi atavaa viatu vya mkono wangu. Kumbe kiwewe. Asubuhi ya harusi nafungua boksi, vyote vya kushoto."

"Vyote?"

"Vyote. Nikanyamaza kama sijui. Akavaa. Akaanza kutembea kuja kwangu, na kila akipiga hatua anaelekea kwa mjomba wangu. Wanamrudisha, anakwenda tena kwa mjomba. Mjomba naye mgane, ameshaanza kuweka tai sawa!"

Binti alicheka. Alianza kwa kuziba mdomo, mwisho akaegemea rafu na kucheka kwa sauti, kicheko cha mama yake kabisa, na barafu ya dari ikaanza kudondoka. Matone yaligonga vifuniko vya trei. Akavua koti. Mashavu yakamwiva. Kwa muda ule mfupi alikuwa amefika nyumbani.

Bwana Digrii alipokuja kupima alikuta kumi na tisa.

Mkurugenzi alimwita fundi ofisini, hakumkaribisha kiti.

"Mzee, unajua ulichofanya?"

"Nimemchekesha mwanangu."

"Umeharibu mali ya umma. Unajua mama aliyejifungua akichomwa sindano iliyoharibika kwa joto nini kinatokea?"

Fundi alimtazama.

"Najua," akasema.

"Sasa kama unajua, huna hata huruma?"

"Mheshimiwa, friji lenu limekufa miaka yote hii, mnaita changamoto. Mimi nimecheka na mtoto wangu Jumapili moja, mnaita uhalifu."

"Usichanganye mambo, mzee. Friji ni suala la kimfumo. Wewe ni uzembe."

Bango likabandikwa langoni kwamba fundi viatu haruhusiwi kuingia ndani ya majengo. Askari wakamsogeza ng'ambo ya barabara, yeye na kibao chake cha kukalia na nyundo zake. Zile sindano Bwana Digrii alitaka kuzimwaga, lakini stoo hazikuwapo nyingine, na Mkurugenzi akasema zitumike wakati zinaagizwa mpya. Zikatumika. Wiki ile mama mmoja alitolewa wodi ya wazazi kwa mlango wa nyuma.

Mume wake alivuka barabara na viatu vyeusi mkononi, kisigino kimeachia. Alivitaka kwa ajili ya mazishi. Fundi akavishona polepole, uzi mara mbili.

"Wamekwambia nini?" akamuuliza.

"Kwamba walifanya kila linalowezekana."

"Na mimi waliniambia hivyohivyo."

Yule bwana akavaa viatu, akajaribu kukanyaga, akashukuru. Fundi alikataa malipo. Yule bwana akaondoka bila kujua ameshonewa viatu na nani.

Mwezi wa sita ukafika. Kamati ikakaa tena, kwa sababu mtu aliyeko ng'ambo hawezi kufanya mtihani wa huku, na mtu akitoka stoo chanjo zinaharibika. Wakapata njia: mtihani ungefanyiwa humohumo, na msimamizi akapewa koti na glavu. Binti alifungua karatasi akakuta maswali yote anayajua. Akashika kalamu. Wino ulikuwa umeganda. Akaipasha kalamu kwa pumzi yake, na pumzi yake ndiyo ilikuwa ya baridi kuliko chumba. Akajaribu nyingine, na nyingine. Akaomba penseli.

"Penseli ni kwa michoro tu," msimamizi akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi nijibu kwa mdomo, uandike wewe."

"Dada, mimi nasimamia. Sifanyi mtihani."

Hata hivyo alijibu kwa mdomo, swali la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti ya kueleweka, huku msimamizi ametazama saa yake. Muda ulipokwisha karatasi nyeupe zilitiwa kwenye bahasha na bahasha ikapigwa lakiri. Matokeo yakatoka: sifuri, arudie mwaka. Mkurugenzi alikwenda mwenyewe kumpa pole. Alisema kila jambo lina upande wa heri, maana angepasi wangelazimika kumpangia kituo kingine.

Baada ya hapo friji bovu likaondolewa kwenye mipango. Lilitolewa stoo kwa mkokoteni, watu wanne wanalisukuma, fundi anaangalia kutoka ng'ambo ya barabara. Hakukuwa na haja nalo tena.

Kisha wazazi wa wanachuo wakaitwa kikao. Walikuwa wengi kuliko ukumbi, wakawekwa uwanjani chini ya turubai, na kwa kuwa uwanja si jengo, askari walitazamana wakamwacha fundi apite. Akakaa kiti cha nyuma. Mbele kulikuwa na spika zinazokoroma na vijana waliopangwa mstari, wameshonewa makoti mazito.

Mkurugenzi akasema mradi umefanikiwa. Akasema hospitali nyingine zimekuja kujifunza, na sasa kila moja inataka msafiri wake. Vijana hawa wataondoka kwenda ng'ambo mwezi wa kumi na moja, baridi ya huko ikiwa imekolea. Wakirudi kila mmoja ana stoo yake tayari. Wazazi wakapiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele, mwanawe ni wa tatu kwenye mstari.

Fundi akanyoosha mkono. Walijifanya hawamwoni. Akaendelea kuunyoosha, akaubadilisha ulipochoka, mpaka kipaza sauti kikamfikia.

"Mimi ni baba wa yule wa stoo," akasema. "Nina swali moja. Hawa watoto watarudi lini?"

"Mwezi wa pili, mzee. Kama kawaida. Swali lingine?"

"Hilo ni la ndege, Mheshimiwa. Ndege najua zinarudi."

Watu wengine walicheka kidogo. Yule mama wa kigelegele aligeuka nyuma kumtazama. Mkurugenzi alimpa matroni kipaza sauti cha mezani. Matroni akampa Bwana Digrii. Bwana Digrii akakishika mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kipimajoto, midomo yake ikafunguka kama ya mtu anayekaribisha mgeni, kisha ikafungika. Spika zikakoroma. Turubai likapigwa na upepo. Fundi alikuwa bado amesimama, na kwa kuwa kipaza sauti chake walishakizima, akasema kwa sauti yake mwenyewe, wa mbele na wa nyuma wakasikia:

"Nauliza, mwanangu ataruhusiwa kufika nyumbani lini?"