Sabuni ya Unga wa Mbao

Vidole, kama walivyomwita pale gereji, alichekecha unga wa mbao mara ya pili, akatupa vibanzi vilivyobaki. Juma lililopita alinawa mikono kwa mchanga. Mchanga ulitoa grisi, lakini ulichubua ngozi, na grisi ya kesho yake ikaingia kwenye michubuko. Safari hii alikata mche wa sabuni vipande vyembamba, akaviyeyusha kwa maji kidogo kwenye sufuria kuukuu, akatia mafuta ya kupikia, kisha unga. Alikoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe.

"Vidole, leo unaolewa?" fundi wa rangi alimuuliza kutoka upande wa pili wa gereji.

"Naenda kwa mama mshonaji."

"Na mikono hiyo? Bibi harusi utamshonea gauni jeusi?"

Mshonaji, ambaye duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, alikuwa amempa sharti moja: aje leo kabla hajafunga mchana, ashike kitambaa cheupe, na kitambaa kibaki cheupe. Asipokuja, kazi ya kushona angepewa mwingine.

Alichota sabuni ikiwa bado vuguvugu, akaipaka mikono ingali mikavu. Maji yakitangulia, grisi hung'ang'ania. Alisugua mpaka povu likawa jeusi, akasuuza, akarudia. Weusi uliokaa pembeni mwa kucha tangu alipoacha shule ukatoka. Akajifuta kwa taulo safi. Taulo likabaki lilivyo. Aliitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine.

"Mwanangu."

Baba yake alikuwa ameinama chini ya boneti ya lori, mkono mmoja kiunoni. Mwenye lori alisimama kando, akichezesha funguo.

"Nati imeponyoka nyuma ya injini. Mkono wangu haupiti."

"Baba, nimeshanawa."

"Naona. Imetakata kweli. Nishikie hiyo tu, uende."

"Na jana ulisema hivyo hivyo."

"Jana ilikuwa bomba la maji."

Fundi wa rangi aliangua kicheko. Baba hakucheka. "Si umetengeneza sabuni? Utanawa tena. Kwanza ni nzuri, iwe inakaa hapo karibu na ndoo. Itatufaa sote."

Ng'ambo, mshonaji alikuwa ameanza kuingiza ndani magauni yaliyotundikwa mlangoni.

Vidole alikunja mkono wa blauzi, akaupenyeza mkono wa kulia kati ya injini na bati, mahali ambapo mkono wake tu hapo gereji uliweza kupita. Grisi ilimpokea mpaka kwenye kiwiko. Nati ilikuwa imelala juu ya ukingo.

"Nimeipata."

"Usiitoe. Irudishe kwenye bolti, uishikilie. Mimi nakaza kwa huku. Usiachie."

Akashikilia. Spana ya baba ikazunguka kidogo, ikateleza, ikaanza upya. Ng'ambo, mlango wa duka uliburutwa hadi nusu. Shavu lake lilikuwa juu ya bati la moto, lakini mkono wa kushoto, uliokuwa bado safi, aliuinua nyuma yake, juu, vidole vikiwa vimetanuka, visiguse kitu.