Mkono wa Elisaria

Maji ya manjano yalidondoka kutoka kwenye chupa, yakapita mpirani, yakaingia katika mshipa wa Elisaria. Mkewe, Aikande, alikaa sakafuni kando ya kitanda cha hospitali, macho hayabanduki kwenye mpira ule. Tangu bomba la maji ya moto lipasuke katika kiwanda cha kahawa cha setla, chini ya Nkoaranga, likambabua mumewe kuanzia tumboni hadi miguuni, hakuna aliyemweleza jambo akaridhika.

"Dawa gani hii?" alimuuliza Nathanaeli, dresa wa kufunga vidonda aliyekuwa pia mkalimani wa daktari Mwingereza.

"Imetoka kwenye damu za watu, huko Ulaya. Inarudisha nguvu."

"Kama daktari anamwongezea nguvu, mbona kila chupa ikiisha anamtoa damu?"

Nathanaeli akaanza kukunja bandeji iliyokwisha kukunjwa.

Chupa iliyofuata ilipofika nusu, Elisaria alisema midomo inamfa ganzi. Kisha vidole vikakaza, vikajikusanya pamoja, gumba likalala kiganjani.

"Mama Hanna, mikono yangu! Inanyongwa!" alimwita mkewe.

Daktari alikuja haraka na sindano mbili, moja imejaa, moja tupu. Iliyojaa aliiweka kwenye sahani. Kwa ile tupu akavuta damu, taratibu, huku Elisaria akipiga kelele. Akaimimina katika kichupa, akakiziba. Ndipo akamchoma ile iliyojaa. Haukupita muda, vidole vikalegea.

"Hiyo ya pili ndiyo imemfaa," Aikande alisema. "Kwa nini hakuanza nayo?"

Nathanaeli aliinama. "Ni kalsiamu, kama chokaa iliyomo mwilini. Yale maji yanaikamata ndani ya damu, misuli inakaza. Daktari alitaka kuipima wakati imeshuka. Angemchoma kwanza, asingeiona."

"Kwa hiyo alijua?"

"Punguza sauti, mama."

"Mwambie namchukua mume wangu."

Nathanaeli akatafsiri. Daktari alijibu bila kuinua uso.

"Anasema atakufia njiani. Tena setla ameshatia sahihi kwamba abaki."

"Setla ndiye aliyemzaa?"

Hilo halikutafsiriwa. Aikande akapitisha mikono chini ya mabega ya mumewe, akajaribu kumwinua. Ngozi ya tumbo ikavutika, Elisaria akatoa mlio ambao hakuwahi kuusikia kwake. Akamlaza tena.

Asubuhi alirudi na uji. Wazungu wawili wageni walikuwa wamesimama kando ya kitanda. Chupa mpya ilikuwa juu, na sindano iliyojaa imefunikwa kwenye sahani. Daktari alikuwa amemfunga Elisaria mkononi mkanda wa kupimia presha, akawa anaminya kipira chake. Mkanda ulipobana, vidole vikakaza tena kama jana, mkono ukajikunja polepole. Mgeni mmoja akainama, akakinyoosha kidole kimoja cha Elisaria, akakiachia. Kikarudi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Elisaria aliuma meno, akimtazama mkewe, asilie mbele ya watu.

"Daktari anasema asante," Nathanaeli alisema, macho sakafuni. "Anasema wamejifunza mengi."

Mgeni wa pili akanyoosha mkono kuomba kipira, naye ajaribu.