Panya Aliyepona

"Mamkubwa, yule panya wa sikio lililotobolewa yuko wapi?" Daktari Piyanut alikuwa ameshika kizimba kitupu, maranda yakimmwagikia viatuni.

Chaluai, mtunza panya wa maabara, akajitia kusugua chupa za maji. "Labda katoroka."

"Katorokea wapi? Milango yote mitatu imefungwa."

Panya wa maabara ile hupandikizwa saratani ya matiti, kisha hudungwa chanjo inayoufundisha mwili kuitambua protini iliyogeuka ndani ya uvimbe, uishambulie. Wote wa kundi lake walikufa, isipokuwa huyu. Uvimbe wake uliyeyuka. Jana Chaluai akasikia kwamba leo atapasuliwa. Loh! Aliyepona ndiye auawe? Nyumbani mdogo wake, Lamun, anateketea kwa ugonjwa uo huo. Na nani Bangkok asiyejua kwamba ukimwacha huru kiumbe aliyekaribia kufa, thawabu yake humrefushia mgonjwa maisha? Watu hununua samaki sokoni wakawaachie mtoni. Yeye alimtia panya mfukoni, akamwachia nyuma ya hekalu, akataja jina la Lamun.

Daktari aliketi sakafuni, msomi mzima, akalia.

"Si mlishaona kapona?" Chaluai aliuliza.

"Kuona hakutoshi. Bandama yake, inamokaa kinga ya mwili, ndiyo ingethibitisha kwamba ni chanjo iliyomponya. Bila hiyo hawaturuhusu kuwapa wagonjwa. Tunaanza upya, mwaka mzima." Akapangusa pua. "Na nilitaka kumwombea mdogo wako nafasi miongoni mwao, Mamkubwa. Sikukuambia, nisikupe tumaini la bure."

Chaluai akapiga hesabu. Akisema, kazi hana, na mshahara huo ndio dawa za Lamun. Akinyamaza, panya harudi vilevile. Basi akapiga magoti akasaidia kutafuta, mnafiki yule, akipapasa chini ya kila rafu.

Jioni alimkuta Lamun ameketi kitandani.

"Dada, jana nilipitiwa na usingizi. Ulimwachia yule panya uliyeniambia?"

"Nilimwachia."

"Akakimbia?"

"Mbio. Hata asante hakusema."

Lamun akacheka mpaka akashika ubavu. Siku nyingi hakuwa amecheka. "Ndiyo maana leo nasikia njaa. Nipe uji wa wali na yai la chumvi. Zima, usinikatie nusu kama kawaida yako."

Chaluai akaanza kumenya yai.

"Na wengine si wapo huko?" Lamun akasema, akinyoosha mkono kupokea bakuli. "Kesho mwachie mwingine, dada."