Fimbo Sita Nyepesi

Saa tatu asubuhi Mama Kiapo alikuwa keshajaa vumbi la masijala mpaka kwenye kope. Masijala ilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo la mahakama, taa mbili za mirija, moja inapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Juu, barazani, alikuwa na meza na taipureta yake, na kwa miaka ishirini na sita aliwapigia watu chapa hati za viapo: aliyepoteza kitambulisho, aliyefiwa, aliyebadili jina. Ndiko jina lilikotoka. Hakusomea sheria popote. Aliisoma kwa kuipiga chapa, herufi baada ya herufi, na kila alichokipiga hakikumtoka kichwani.

Leo hakuwa na mteja. Saa nane mchana hakimu angesikiliza shauri la ukoo wao kwa mara ya mwisho.

Kampuni iliyodai ardhi yao ilikuwa na hati. Tarehe 2 Machi 1933 babu yake mzaa baba, kwa dole gumba, alimuuzia mlowezi mmoja ardhi yote ya ukoo. Mlowezi akauza, aliyenunua akauza, mpaka ikaifikia kampuni. Greda lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba zao tangu Jumatatu. Nyumba saba, watu arobaini na mmoja. Hakimu alishasema kikao kilichopita bila kuzunguka: sheria ya wakati ule ilitaka muuzaji awe ametimiza miaka kumi na minane. Nionyesheni kwamba hakutimiza, nitaitupa hati. Mkishindwa, kesho asubuhi greda liwashwe.

Na hati ilisema nini? Umri: miaka 22. Nani alihesabu? Hakuna aliyehesabu. Bwana Shauri, mtawala wa wilaya aliyekuwa hapohapo polisi, hapohapo hakimu, alimtazama mtu kama anavyotazamwa mbuzi mnadani, akaandika. Mama mzazi wa babu alikuwepo duniani, mzima, na ndiye pekee aliyekuwepo siku ya kuzaliwa kwenyewe. Hakuulizwa.

"Mama, hiki ndicho kitabu cha mwisho cha mwaka thelathini na moja," alisema karani wa masijala, mtu mwembamba waliyempachika jina la Polepole kwa sababu hata chafya yake ilichukua muda kutoka. "Humu kama hayumo, basi babu yako hakuwahi kukosana na serikali."

"Alikosana nayo tangu alipozaliwa. Lete."

Kaka yake, fundi bomba, alikuwa amekaa juu ya ngazi ya mbao, mikono katikati ya magoti. "Dada, tuchukue kile kifuta machozi walichotuahidi. Angalau watoto wapate pa kulala."

"Ukitaka kufutwa machozi, lia kwanza. Mimi bado sijalia."

Walifungua. Rejista ya mashauri ya jinai, wino umegeuka rangi ya chai. Kidole cha Mama Kiapo kilishuka taratibu, ukurasa hadi ukurasa, mpaka tarehe 14 Agosti 1931 kikagoma. Washtakiwa kumi na mmoja. Kosa: kung'oa vigingi vya mpaka. Wa kumi na moja, jina la babu, na mbele yake jina la baba yake babu, na jina la kijiji.

"Ndiye," alisema kaka, akaruka chini. "Ndiye kabisa! Umri umeandikwa?"

Uliandikwa. Wa kwanza: miaka 30. Chini yake, vistari viwili, yaani kama hapo juu. Chini yake tena, vistari viwili. Vistari viwili viwili mpaka chini, kama nyayo za kuku, mpaka kwa babu.

Kaka alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Thelathini mwaka thelathini na moja... Tumekwisha. Wameshamzeesha zaidi ya kampuni. Tukipeleka kitabu hiki tunajichimbia wenyewe."

"Saa saba na robo," alisema Polepole, akitazama mlango. "Mkuu wangu akirudi kutoka kula, kitabu kinarudi kabatini. Hamkupaswa hata kukigusa."

Mama Kiapo aliinamia kitabu. Mtu anayepiga chapa hasomi kama watu wengine, haruki safu. Jicho lake lilitoka kwenye safu ya umri, likavuka ya kosa, likafika ya hukumu. Hapo hapakuwa na vistari. Wale kumi waliandikiwa mmoja mmoja: miezi mitatu, kazi ngumu, viboko ishirini. Wa kumi na moja aliandikiwa vingine. *Fimbo sita nyepesi. Amekabidhiwa kwa mama yake.*

Alirudisha kidole kwenye safu ya umri, kisha tena kwenye hukumu, kaka yake akimchungulia begani. "Dada?"

"Wazee wenzake walikuwa wakimwitaje babu?"

"Mlambwa. Unaulizia nini hilo sasa? Si kwa vile alipenda asali?"

"Sisi ndio tuliosema asali. Wale walikuwa wanamcheka. Wenzake walipigwa kiboko cha ngozi, wakakaa jela, wakatoka wanaume. Yeye alilambwa vifimbo akarudishwa kwa mama yake." Alipiga ukurasa kwa kiganja, vumbi likaruka. "Alikuwa mtoto, kaka! Walijua kuwa ni mtoto!"

"Huo ni utani wa wazee. Hakimu atataka sheria."

Sheria ilikuwa imegandishwa ndani ya jalada la mbele, karatasi ya maagizo ambayo kwa miaka sitini na kitu hakuna aliyeisoma ila mende. Agizo la nne: fimbo nyepesi ni kwa mkosaji wa chini ya miaka kumi na sita peke yake; mkosaji huyo asifungwe, akabidhiwe mzazi.

"Chini ya kumi na sita Agosti ya thelathini na moja," alisema Mama Kiapo, "Machi ya thelathini na tatu anafika wapi? Mpe hata siku zote unazoweza kumpa. Kumi na saba na nusu."

Safari hii kaka hakuhesabu kwa vidole.

Ilikuwa saa saba na nusu Polepole alipokataa kutoa nakala. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya mkuu, na droo ilikuwa na kufuli. Nakala isiyo na muhuri, wakili wa kampuni angeipuliza kama manyoya. Kaka alianza kubembeleza, mara baba, mara ndugu yangu, mpaka Mama Kiapo akamnyamazisha kwa mkono.

"Polepole, nani alikupigia chapa barua yako ya kuomba kazi hii?"

"Wewe, mama."

"Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha kwamba nakujua. Mle ndani ulisema wewe ni mtunzaji wa kumbukumbu. Unazitunza ili nani azione?"

Karani alijikuna kisogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alifanya jambo haraka: alikikumbatia kitabu kifuani kama mtoto mgonjwa, akapanda ngazi mbili mbili. "Nakala haitoki. Lakini kitabu na mimi tukitoka pamoja, hakijaibwa."

Chumba cha mahakama kilijaa. Shangazi zao wawili walikaa mbele, vilemba vimekazwa kama wanaokwenda kupigana. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliisoma rejista bila haraka, akarudi kwenye jalada, akarudi kwenye ukurasa.

Wakili wa kampuni alisimama akitabasamu. "Mheshimiwa, umri umeandikwa: thelathini. Hiyo fimbo nyepesi ilikuwa huruma tu ya Bwana Shauri."

"Huruma!" alisema shangazi mkubwa kwa sauti. Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Mheshimiwa," alisema Mama Kiapo, "mwaka 1931 babu yangu ana miaka thelathini. Mwaka 1933, ishirini na miwili. Mwandishi ni yuleyule. Tazama sahihi, huku na kule. Kwa mwendo huo angefika mwaka 1939 angerudi tumboni kwa mama yake."

Safari hii hata hakimu aliinamisha uso kidogo kuficha kicheko.

"Bwana Shauri alikuwa na vitabu viwili," aliendelea. "Siku ya kumchapa, alijua ni mtoto, kwa sababu kumchapa mtoto kiboko kungemletea maneno kwa wakubwa wake. Siku ya kumuuzisha ardhi, alijua ni mtu mzima, kwa sababu mtoto hauzi. Alijua mara zote mbili. Aliandika alichokihitaji."

Wakili hakuwa tena na tabasamu. Alitoa karatasi moja kwenye jalada lake, akaja nayo hadi mbele ya Mama Kiapo.

"Mama, unaijua hii?"

Aliijua kabla ya kuisoma. Herufi *e* ilikuwa imeruka juu ya mstari, kama zinavyoruka *e* zote za taipureta yake.

"Hati ya kiapo ya mirathi, ya miaka kumi na miwili iliyopita. 'Babu yangu mzaa baba alizaliwa tarehe 1 Januari 1911.' Nani aliapa?"

"Mimi."

"Nani alipiga chapa?"

"Mimi."

"Elfu moja mia tisa kumi na moja. Mwaka 1933 anakuwa na miaka ishirini na miwili, sawasawa na hati yetu. Sasa mama, ulisema uongo siku ile, au unasema leo? Chagua moja."

Feni ilisikika ikikwaruza darini. Kaka aliinama kutoka nyuma, pumzi yake ya moto sikioni. "Sema baba ndiye aliyekwambia. Baba kafa, hawatamfunga."

Lilikuwa neno jepesi, na lilikuwa tayari mdomoni. Baba alinitajia, mheshimiwa, nami niliamini. Asingeshtakiwa mtu. Lakini hapo 1911 ingebaki imesimama, imeegemezwa kwenye mdomo wa mtoto wa marehemu mwenyewe, na fimbo sita zisingetosha kuiangusha. Na kama angesema kweli? Kuapa uongo kulikuwa na kifungo. Alikipiga chapa kifungu hicho mara ngapi, chini ya kila hati, kuwatishia wengine. Meza yake barazani ingekwenda. Aliwatazama shangazi zake. Mdogo alikuwa amefumba macho.

"Siku ile," alisema.

"Siku ile nini?"

"Siku ile ndiyo niliyosema uongo."

Chumba kilivuma. Wakili mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, kama aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa.

"Fomu ya mirathi haipokei nafasi tupu," alisema Mama Kiapo. "Sikuwa na mwaka. Nilichukua nakala ya hati yenu hiyo iliyolala masijala, nikatoa ishirini na miwili kwenye thelathini na tatu, nikapata kumi na moja. Siku na mwezi sikuwa nao, nikaweka moja Januari. Kama ninavyowawekea wote."

"Wote?" aliuliza hakimu taratibu.

"Wote wasiojua, mheshimiwa."

"Kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita." Aliionyesha karatasi mkononi mwa wakili. "Kwa hiyo karatasi hiyo si shahidi wa pili. Kampuni imepiga kelele kwenye ukuta, mwangwi umerudi, sasa wanauapisha. Mwangwi ni mimi. Nifungeni. Lakini msimfunge babu kwa ajili yangu, alishapigwa."

Hakimu aliandika kwa dakika kumi na mbili. Polepole, kitabu bado kifuani, ndiye aliyezihesabu kwenye saa ya ukutani, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kugeuza shingo.

"Siku aliyozaliwa marehemu siijui," alisoma hatimaye, "na baada ya kusikiliza pande zote nina hakika hakuna humu anayeweza kuniambia. Ninachokiona ni kwamba alizaliwa baada ya tarehe 14 Agosti 1915. Siku ya hati ya mauzo alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane kwa hesabu yoyote ile. Hati naitupa. Greda liondoke leo, kabla jua halijatua."

Shangazi walipiga vigelegele mpaka askari akawaomba kwa heshima watoke nje. Kaka alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

"Ama wewe, mama," hakimu alisubiri kelele ziishe, "jalada lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Na barazani kwangu hupigi tena chapa. Hata leo."

"Nimesikia, mheshimiwa."

Alikuwa akiifunga taipureta kwa kamba, kaka ameshika miguu ya meza, bibi mmoja alipotokea. Alimkumbuka: mwezi uliopita alimwandikia kiapo cha umri, dakika tano, aondoke na mwingine aje. Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote wa shauri, na karatasi yake ilikuwa mkononi, imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mwanangu, hapa umeniandikia moja Januari."

"Ndiyo, bibi."

"Na mwaka?"

"Niliukisia. Nilikutazama uso."

Bibi alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyepimiwa gauni la mwenzake. "Mimi nilizaliwa mwaka nzige walipokula mpaka paa. Mwezi wa pili baada ya nzige, mama akiwa kwa wazazi wake. Nayajua yote hayo. Kwa nini hukuandika?"

Mama Kiapo aliichukua ile karatasi, akaikunjua. Kaka aliiweka meza chini.

"Sikukuuliza," alisema Mama Kiapo.