Mrija wa Ekisa

Jioni ile nilimwona Akiror akisaga vidonge kwa mgongo wa kijiko. Hilo peke yake halikuwa geni. Kaka yangu Ekisa hakuweza kumeza kidonge kizima, kwa hiyo mkewe alimtilia dawa ya kifafa kwenye uji kila siku. Lakini unga mweupe uliokuwa kwenye kisahani siku hiyo ulizidi wa kawaida, na aliponiona mlangoni aliufunika kwa kiganja.

Asubuhi Ekisa hakuamka.

Watu walipoanza kufika nyumbani kwetu, nje kidogo ya Malaba, sikusema nilichokiona. Wao walikuwa wameshamshuku bila kuona chochote. Akiror kwao ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, na dawa za Ekisa alizinunua huko kwa sababu ni nafuu, zikija zimefungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Baba mdogo Omagor, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba atutoke, alisema mwanamke huyo arudi kwao kabla maiti haijatoka mochari, na watoto wabaki. Hakuna aliyempinga. Akiror alikaa jikoni kwenye mkeka, mwanawe mdogo Emorut akiwa mapajani, na hakuna aliyempelekea chai.

Neno langu moja lingemmaliza. Nilimchunguza hata alipokuwa akilia, nikitafuta mahali kilio kinapokatika.

Ninaandika haya nisije nikayakumbuka kama wengine wanavyoyasimulia, kwa hiyo lazima nitaje chungu. Kwetu ajono, pombe ya wimbi, hunywewa watu wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mara nyingi mrija hupita kutoka mdomo huu hadi ule. Ekisa alipoanza kuanguka akiwa kijana, povu mdomoni, walisema ugonjwa utawapata kwa mate. Mrija wake ukaondolewa. Miaka yote hiyo alikaa pembeni na soda yake kama mgeni aliyepotea njia.

Kisha dawa ikamkubali. Mwaka mzima ukapita hajaanguka, na Jumamosi ile, jioni ileile ya kisahani, baba mdogo mwenyewe akamwita aje aketi na wenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaongezea maji ya moto chunguni. Nilimwona Ekisa akipokea mrija kwa mikono miwili.

"Kunywa, boss," jirani yetu Egwang akamwambia, "lakini ukianza kurusha mateke, uhurumie chungu."

Wote walicheka, na Ekisa alicheka kuwashinda. Alikunywa mpaka watu wakatawanyika.

Siku ya pili ya msiba nilimkuta Akiror akiosha kile kisahani. Nilimuuliza alimtilia nini kaka yangu.

"Dawa yake, dada."

"Mbona ilikuwa nyingi?"

Alikiweka kisahani chini. "Ilikuwa ya siku hiyo na ya kesho yake."

Alisema Ekisa ndiye aliyemwomba. Aliogopa kwamba pombe ingeiosha dawa mwilini, aanguke palepale mbele ya chungu. Akiror alipokataa, Ekisa alichukua vidonge mwenyewe na kuviweka kwenye kisahani, naye akavisaga.

"Aliniambia, nikianguka leo mbele yao, hawataniita tena."

Sikumwamini. Maiti haiwezi kukanusha. Nilimwomba karatasi ya dawa iliyobaki, akanipa bila kusita, na hata huko kutosita nikakushuku. Nikapanda pikipiki hadi kliniki ambako Ekisa alianza matibabu.

Daktari pale, Trizah Mugeni, alimkumbuka. Alivigeuza vile vidonge, akavilinganisha na vyake, akasema ni dawa ileile. Nilimuuliza inafanya nini kichwani. Alinieleza kwamba kwa mtu wa kifafa kuna wakati mishipa ya fahamu kwenye ubongo hupiga kelele kwa pamoja, kama soko zima linalogombana. Ubongo una ujumbe wake wa kuituliza, na dawa hii huupa nguvu ujumbe huo. Ndiyo maana Ekisa aliacha kuanguka.

"Na pombe huiosha?"

"Pombe haioshi dawa. Inaisaidia," alisema. "Zote mbili zinatuliza. Zikizidi, zinatuliza hata ile sehemu inayokumbusha kifua kupumua mtu akiwa amelala."

Alisema hawezi kuapa bila maiti kupasuliwa, ila Ekisa alikuwa ameonywa asiguse pombe. Nilimuuliza kama mtu anaweza kutumia njia hiyo kumuua mwenzake. Aliifunga karatasi ya dawa, akanirudishia.

"Anaweza. Lakini aliyemwita kunywa ni nani?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Nilimkuta baba mdogo amekaa na wazee, akipanga nani atamvusha Akiror mpaka. Nikasimama mbele yao. Nilisema nilichokiona jikoni, kisha aliyoniambia Akiror, kisha aliyoniambia daktari. Egwang alitazama chini.

"Kwa hiyo, Amuron," baba mdogo alisema polepole, "mimi ndiye niliyemuua."

Nilimtazama usoni nikitafuta kitu, kama nilivyokuwa nimetafuta kwa Akiror. Niliona mzee ambaye hajalala.

"Nasema ulimwita, baba. Na alifurahi."

Baba mdogo aliinua mkono, akauchomoa mrija wa Ekisa pale ulipokuwa umechomekwa kwenye nyasi za paa, akaulaza mapajani. Akaamuru mama wa watoto apelekewe chai, akasema hataki tena kusikia habari za kumvusha mpaka.

Mke wa Egwang aliipeleka. Akiror alikipokea kikombe, akaangalia ndani, akatuangalia sisi mmoja mmoja, na hakunywa. Mvuke ulipungua. Nilikwenda nikakaa naye mkekani, nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikanywa, nikamrudishia.

Alingoja kidogo, akinitazama. Ndipo akanywa.